Safu ya Thamani

Nilirudi Winnipeg usiku wa tarehe kumi na mbili Januari,
udongo wa Muheza ungali kwenye kisigino cha kiatu,
udongo wa kaburi la kaka yangu Semboja.
Dereva wa teksi akasema ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa utundu wa wanawe.

Kwenye friji, karatasi. Mwandiko wa Halyna, jirani yangu,
tarehe moja chini ya nyingine, ishirini na tatu,
na kando ya kila tarehe neno pekee la Kiswahili nililomfundisha:
sawa.
Sawa. Sawa. Sawa.
Isipokuwa tarehe sita, kwa Kiingereza chake cha mkato:
bomba nyuma ya mashine ya kufulia limepasuka,
nimefunga valvu, nimepiga deki, usiogope.
Kisha sawa tena, kana kwamba hakuna lililotokea.

Mkataba wa bima unataka hivyo. Ukisafiri majira ya baridi
mtu aingie kila siku, aguse ukuta, asikilize tanuri kama linapumua.
Mimi nilidhani ni ukorofi wa kampuni.
Halyna ana miaka sabini na minne. Alivuka theluji
na ufunguo wangu shingoni, akaijulia hali nyumba ya mtu.

Halafu barua, katikati ya vipeperushi vya piza.
Kadi yangu ya benki iliisha muda, nami sikuangalia;
malipo ya bima yaligonga mwamba
siku ile ile simu ya msiba ilipoingia.
Mwisho wa kulipa: tarehe kumi na tatu.
Usiku ule nyumba ilikuwa yangu kwa uzi mmoja.
Sikuwasha jiko. Nilikunywa maji ya bombani,
nikakaa kwenye ngazi kama askari wa zamu.

Saa mbili asubuhi nikapiga simu, koti bado mwilini.
Dakika arobaini za kinanda kilekile.
Akaitika binti, Gurleen, sauti ya mtu mwenye mafua.
Nikamsomea namba za kadi mpya, moja moja, kama tasbihi.
"Tayari, mama. Bima yako haikukatika hata siku moja."
Nikalia. Alidhani nalilia pesa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, bibi alizoea kusema.
Lakini ukuta wa bibi ulikuwa wa fito na udongo,
majirani waliukandika kwa sufuria moja ya makande.
Fundi wa hapa amekata kipande cha ukuta, upana wa ungo,
na ankara yake imenikalisha chini.

Sasa kampuni inataka orodha, chumba kwa chumba,
na safu ya mwisho: gharama ya kununua kingine.
Zulia lililolowa, dola mia mbili na sitini.
Mashine ya kufulia, mia tisa.
Kinu na mchi, nilivipandisha ndege mwaka wa tisini na nane
nikatozwa uzito. Sijui. Labda arobaini.
Kaseti moja: Semboja akimtania mama
kuhusu jogoo aliyewika saa nane mchana,
mama akicheka hadi akikohoa.
Ilikuwa kwenye boksi, sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye bomba.
Halyna aliliinua kabla ya kupiga deki. Hakujua lina nini.
Aliona ni la karatasi tu.

Kwenye safu ya thamani nimepiga mstari.

Nimezungushia kwenye kalenda, kwa wino mwekundu,
mwezi ambao kadi hii nayo itakwisha.
Nimemchongea Halyna ufunguo wa pili, ingawa siendi popote.
Nikashuka na tochi, nikaweka kiganja kwenye bomba jipya:
baridi, kavu, maji yakipita ndani kwa mnong'ono.
Nikapanda, nikaandika chini ya tarehe zake:
kumi na tatu, sawa.

Kisha nikalikata neno,
nikashuka kuangalia tena.