Saa Zisizohesabiwa

Fomu ni ya kijani, ina safu nne:
tarehe, kazi, saa, sahihi ya msimamizi.
Chini kabisa, kwa herufi za siafu:
kumhudumia jamaa hakuhesabiwi.

Mcheza kwao hutunzwa, tunasema sisi.
Huku Pueblo, kwa Odalys Archuleta,
ufadhili wa chuo unataka acheze kwa wengine
saa mia moja. Zimebaki kumi na tatu,
na Machi imeshabisha hodi.

Jumamosi anavuka reli, theluji ikilia chini ya viatu,
hadi nyumba ya wazee.
Anamlisha supu kikongwe asiyemjua,
anamfuta kidevu, anasikiliza habari za mbwa
aliyekufa zamani, na kufa tena, na tena.
Bi Lorene anatupia jicho ukutani:
saa tatu na nusu.
Anaandika tatu.

Jioni, bibi yake Eufemia
yuko palepale alipomwacha,
soksi moja mguuni, moja mkononi.
Odalys anapasha supu.
Anamfuta kidevu.

Usiku, insha: Kujitolea kumekufunza nini?
Anaandika ukarimu. Anaufuta.
Anaandika: kijiko ni kilekile.
Anaufikiria mstari huo, na jopo litakaousoma
na kahawa yao; anaurudisha ukarimu.

Chumba cha pili sauti inaita jina,
si lake, la marehemu mama yake.
Anaitika hivyohivyo,
anainuka,
saa yake ya mkono ameiacha mezani.