Kukeneka

Pipa nililichomelea mimi, pale Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
na hela ya vijiti vya kuchomelea sijalipwa hadi leo.
Naanza na deni ili msidhani nimekuja kusifu.

Aikaruwa alikuja na mchoro nyuma ya karatasi ya mtihani,
kemia, alama kumi na tisa kwa wino mwekundu.
Akasema: hapa moto, hapa bomba, hapa maji ya baridi,
hapa tutakinga.
Nikamwambia, dada, huu ni mtambo wa gongo.
Akacheka. Akasema bomba lenyewe ni la mama.

La mama kweli: shaba, mikunjo saba,
lililomsomesha yeye na kaka zake wawili,
lililofukiwa mgombani kila gari la polisi lilipokata kona.
Mama Ndeshi alilitoa udongoni kama anayefukua kiazi kikuu,
akalipangusa, akasema tu:
Usiharakishe moto. Kinachoharakishwa hunuka.

Siku ya kwanza tulitia kila kitu.
Ndoo zilizopasuka, madumu, kandambili zilizopoteza wenza,
viti vya harusi vilivyovunjikia harusini,
mifuko ya nailoni, iliyopigwa marufuku lakini bado inaning'inia
kwenye michongoma ya Kaloleni
kama nguo za watu wasiorudi kuzianua.
Tukatia na kipande cha bomba la maji, lile la kijivu.
Kosa.
Likatoa mvuke mkali, ukatuliza machozi, ukala mshono wangu,
mshono niliouringia.
Chupa za maji nazo ziligoma: ziliacha unga mweupe bombani, likaziba.
Tukajifunza kuchagua, kama wanaochambua mchele wa msiba:
hiki ndiyo, hiki hapana, hiki kinauma.

Plastiki, alisema Aikaruwa, ni mafuta yaliyosahau kuwa mafuta.
Mnyororo mrefu. Hatuichomi;
tunainyima hewa, tunaipa joto,
mpaka pete zikatike.
Minyororo mirefu ibaki nta, mifupi iwe dizeli,
mifupi zaidi inuke kama petroli,
na ile mifupi kabisa, inayotaka kukimbia, ni gesi:
tunairudisha chini ya pipa
ikawapikie ndugu zake.

Mji unaitwa Moshi, na sisi tuliapa moshi usitoke.
Ulitoka.
Mwembamba, rangi ya maziwa yaliyochacha,
ukaelekea mlimani, mlima ukajifunika.
Majirani wakafunga madirisha. Polisi wakafuata pua.

Walikuja wawili. Yule mrefu alichovya kidole,
akakipeleka mdomoni kwa uhakika wa mtu aliyezoea ushahidi.
Uso ule sitausahau.
Akatema mara tatu, akaomba maji,
akauliza hii gongo ni ya ndizi gani.
Ya ndoo, afande, mama akajibu. Ya ndoo na kandambili.
Miaka thelathini alikuwa akiwakimbia;
siku hiyo alikaa kwenye kigoda chake na hakuinuka.

Jioni tukamimina lita moja na nusu kwenye mashine ya Fuatael.
Ikakohoa. Ikakataa.
Fuatael akazungusha hendeli, akatukana kwa Kichaga,
ikawaka.
Dakika kumi na moja, debe moja la mahindi ya mama,
na unga ukatoka unga, mweupe, wa kawaida.
Niliuonja nikitafuta ladha ya viti vya harusi.
Haikuwepo.

Lita moja na nusu. Kuni tulizoteketeza sizitaji.
Na ndani ya pipa masizi, ndoo nzima,
mpaka leo hatujui tuyapeleke wapi.
Ng'ambo ya barabara lori la taka lilipita, limejaa,
halina haraka.

Kesho ananiletea mchoro mwingine:
pipa refu, lenye vidaraja ndani,
kila mvuke upande hadi daraja lake, ushukie hapo.
Nimemwambia safari hii hela kwanza.

Vijiti nimeshanunua.