Itaendelea

Gazeti lilishuka na treni ya jana;
leo, hapa Isevya, ukurasa wa hadithi umepita mikono minne.
Kalunde, pasi ya mkaa mkononi:
"Msabila hana moyo. Mama kazikwa,
yeye anahesabu viti vya kukodi!"
"Kiburi," asema Mwashi.
"Ah, mwandishi kamnyima machozi."

Mwandishi ni mimi,
mshona vifungo, pini mdomoni;
jina langu la gazetini hawalijui.

Ndipo yule mtoto muuza karanga, aliyefuata sketi yake:
"Viti alihesabu, vikatimia.
Akarudia, vikatimia.
Akaanza tena.
Alikuwa anatafuta cha mama."

Pasi ikatulia.
Nikazitema pini kiganjani, nisiseme kitu.

Mara tatu zile
nilikuwa najaza safu tu.