Ripoti ya Kipande cha Kumi na Saba

Mkonge ulitoka Hombolo, kwa Mbeleje,
aliyeuparua kwa kipande cha bati
mpaka mikono ikamwasha hadi viwikoni,
akauliza: utanilipa lini?
Sikujibu. Nikapanda pikipiki na mzigo
unaonuka nyasi zilizolaliwa na mbuzi.

Ng'ong'ona. Maabara yenye feni moja, nayo inasitasita.
Nikazilaza nyuzi mlalo mmoja, kama nywele kabla ya kusukwa,
nikazimwagia wanga wa muhogo na gundi ya mgunga,
nikakandamiza, nikakausha.
Vumbi la Agosti likajitia humo bila hodi.

Vipande kumi na sita vilikufa vibaya.
Uzi haukukatika hata mmoja!
Ulichomoka mzima, msafi,
kama mkono unavyotoka katika kiganja
cha mtu mliyesalimiana kwa sababu ya watu.
Nikajua nguvu haikai kwenye uzi,
wala kwenye gundi.
Inakaa pale vinapogusana,
mahali pembamba kuliko ukucha,
pasipouzwa sokoni.

Basi nikaziosha kwa magadi ya Bahi,
yaleyale ya kuungia mlenda.
Nta ikatoka, uzi ukaparuza,
ukakubali kushikwa.

Cha kumi na saba kilipinda.
Mashine ikanguruma, mshale ukapanda,
kikapinda tena, kikaalika kidogo kidogo,
ta, ta,
kama boriti za tembe jua likishatua,
na kilipovunjika hakikuachana:
nusu mbili zilining'inia kwenye nyuzi zake,
zikibishana na uzito.
Nilipiga ukelele. Chilewa, mlinzi, akaja na rungu.

Kisha nikakifukia nyuma ya bweni,
maana tuliahidi pia kwamba kitaoza.
Niliandika: miezi sita.
Mchwa hawakulisoma andiko langu.
Siku ya kumi na mbili nilichimbua
udongo mwekundu, na uzi mmoja
mfupi kama unyusi.

Msimamizi anataka neno moja kwenye safu ya mwisho:
kimefaulu, au kimeshindwa.
Kalamu ninayo mkononi tangu asubuhi.
Nje upepo unabeba mifuko ya plastiki
ile iliyopigwa marufuku,
mizima, haijui kufa, imenasa kwenye miiba.

Mbeleje kapiga simu. Mkonge upo, anasema,
safari hii mrefu zaidi.
Na deni langu je?
Deni, mwanangu, haliliwi na mchwa.