Jumanne Si Siku ya Wageni

Jumapili ya wageni nilikuwa zamu
mbele ya tanuri la saruji, Tororo.
Nikaenda Mbale Jumanne,
vumbi bado limenishika nyusi,
mkononi kopo la njugu
alizosaga mama yake usiku, kwa jiwe, si kwa mashine.

"Mzee, leo si siku," akasema askari wa lango.
Sikubishana. Nilichungulia tu.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta analia.
Nyafwono alikuwa anacheka,
mdomo wazi, kichwa amekitupa nyuma,
kicheko ambacho nyumbani kwangu
hakijawahi kuvua viatu.
Kisha akaniona.
Akavuta sweta chini, akafumba mdomo,
akapiga magoti kunisalimu kutoka kule kule
kama mtu anayelipa deni.

Nikaacha kopo kwa askari,
nikatembea hadi stendi nikimwonea wivu
mtoto wa watu aliyemchekesha.

Likizo ya Agosti kopo lilirudi tupu,
limekwaruzwa kwa msumari: NAMBOZO.
Mama yake ndiye aliyeuliza. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia
najifanya natengeneza redio.
Kumbe Jumapili ile, wenzake walipoitwa
mmoja mmoja kwenye kipaza sauti,
yeye aliingia uvunguni mwa kitanda na viatu vyake.
Wapo waliocheka. Walimwita yatima wa saruji,
na mimi ni hai, nala, natokwa na jasho.
Huyo Nambozo akaja na paja la kuku la kwao,
hakuuliza kitu, akatambaa, akalala naye sakafuni,
wakala gizani, mfupa ukipita mkono kwa mkono.

Redio ilikuwa nzima.
Niliifungua yote, skrubu kwa skrubu.

Siku hizi simu yangu huita saa tatu usiku.
Kwa kina Nambozo sahani zinavunjika,
baba na mama wanasemezana kupitia ukuta.
Binti yangu huichukua simu nje, kwenye ngazi ya jiko,
husikiliza kuliko anavyosema
mpaka dakika ziishe.

Jana alipoirudisha, alisimama kidogo.
Nikasogea kwenye benchi
kama abiria anayempisha mtu.
Akakaa. Tulisikiliza mbwa wa jirani.

Leo alfajiri, kabla ya zamu,
nimeongeza vocha ya elfu mbili,
simu nimeiacha mezani.