Hakuna Mawimbi

Usiku kompyuta ilijisasisha yenyewe.
Asubuhi nikafungua ofisi, ghorofa ya tatu, Shimanzi,
feni inakata joto vipande vinene,
na kioo kikubwa, kile cha mkono wa kushoto,
kikaandika maneno mawili kwa buluu:
Hakuna mawimbi.
Kisha kikalala.

Hakuna mawimbi! Kisiwa kizima hiki,
na kreni za Kilindini ziko hapo dirishani
zikiinua na kutua.

Kontena la vigae vya Bwana Twalib
siku zake za bure zinakwisha leo saa kumi na mbili.
Kesho litaanza kula,
na kontena halili ugali, hula dola.
Mimi hutumia vioo viwili,
huku hati ya shehena, huku fomu ya ushuru,
macho yanavuka mpaka bila pasi.
Leo nimekuwa chongo.

Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikauchomeka.
Nikauhamishia tundu la pili.
Nikazima, nikawasha.
Nikakizima kioo ukutani nikahesabu hadi thelathini,
maana umeme nao, nilifunzwa zamani,
hubaki ndani ukinuna mpaka uchoke.
Maneno yaleyale mawili.
Mwanahamisi wa meza ya pili akasema, kipige kofi.
Nikakipiga,
si kwa imani.

Kilichonitisha ni kipanya.
Nilikisukuma kushoto, kishale kikafika ukingoni
kikapita.
Hakikugonga ukuta. Kiliingia gizani
kama mtu aingiavyo chumbani mwake umeme umekatika,
anajua kitanda kiko wapi.
Basi kompyuta inaamini kioo kipo.
Imeyarudisha madirisha yangu yote huko, moja moja,
kama nilivyoyaacha jana usiku,
na huko ndiko kuliko na ile barua.

Adhuhuri akaja Chengo kutoka Mwembe Tayari,
vidole vinanukia bajia na ukwaju,
akavifuta kwenye suruali kabla hajagusa kitu.
Akapapasa, akainama chini ya meza, akainuka.
"Waya mzima, Bi Mwanatumu. Tundu zima. Kioo kizima."
Akakuna kidevu.
"Wazima wote, ila hawasemezani."

Sikumjibu. Kwetu tuko wawili, wazima,
na tangu arubaini ya mama hatujasemezana.

Akafungua mipangilio, akashuka ndani ya mipangilio,
mlango ndani ya mlango, hadi kwenye tarakimu ndogo.
"Ona. Sasisho limekiamuru kijichore
mara mia na arubaini na nne kwa sekunde.
Kizee hiki mwisho wake sitini.
Hakikufa. Kimeambiwa jambo kisiloliweza,
kikanyamaza."

Akashusha. Sitini.
Kioo kikapepesa, kikawa cheusi, roho ikanidunda,
kikafumbuka,
na barua ikajaa juu yake, herufi kubwa kama vigae,
kwa sababu ya macho yangu:
Kaka Shebe, kuhusu nyumba ya Kuze,
nilipe sehemu yangu yote kabla ya Mfunguo Mosi,
la sivyo tutaonana kwa kadhi.

Chengo ghafla akauona ule waya una mambo mengi.
Akaugeuza huku na huku,
akaukagua pini kwa pini, kichwa chini,
mpaka nilipoiburuta barua pembeni.
Nikamlipa. Nikamwongezea mia mbili,
hakuuliza za nini.

Fomu ya vigae ilipita saa kumi na moja na dakika arubaini.
Mwanahamisi akafunga madirisha, akaniaga.

Shebe ana duka la vitasa, na watoto watano,
na mwezi jana nilisikia amemuuza mashine ya kuchonga funguo.
Hilo nililijua jana pia, wakati naandika.

Nimefuta mstari wa kadhi.
Nimefuta na neno "yote", nikalirudisha, nikalifuta.
Barua haijaenda.
Iko pale kushoto, kishale kinamweka pembeni mwake,
na inaonekana.