Nani Anasema Leo?

Mhandisi Kuroiwa, mkataba wake ulipokwisha Qalhati,
aliniachia sanduku la diski, sufuria ya umeme ya wali,
na neno moja la kwao: benshi.
Ni mtu, alisema, aliyesimama kando ya turubai
enzi picha zilipokuwa bubu,
akasema kwa niaba ya wote: mume, mke, mwizi, mvua.
Watu hawakuulizana kuna picha gani.
Waliulizana: nani anasema leo?
Kisha sauti ikaingia ndani ya utepe.
Mabenshi wakagoma, wakashindwa,
wengine wakaishia njiani wakiwasimulia watoto
kwa picha za karatasi.

Bi Thureya haoni tangu mwaka juzi.
Kila Ijumaa, hapa Sur, kiyoyozi kikikoroma,
hunigonga goti: "Haya, sema."

Nimesema panga na vumbi, na askari asiye na bwana
akihesabu sarafu mbili kana kwamba zitazaa.
Nimesema mzuka wa mke aliyedhulumiwa,
nywele zimetangulia mlangoni;
akacheka: "Huyo namjua. Wa Pemba huyo."
Nimesema dude kutoka baharini, linakanyaga treni.
"Nani kaliamsha?"
Bomu, bibi.
Hapo hakucheka.

Jana nilitia ya nyumbani tu.
Baba, binti, mkeka. Hakuna anayekimbia.
Kamera yenyewe imekaa chini, nikamwambia,
kimo cha mtu aliyekunja miguu.
"Basi ina adabu. Wanasema nini?"
Wanasema leo hewa nzuri.
Wanasema kweli, hewa nzuri.
"Hee! Hao wana jambo."

Mara ukumbi mtupu.
Birika juu ya jiko, na mvuke wake.
Nikatafuta la kusema, benshi mzima, nikalikosa.
"Mbona kimya?"
Hakuna mtu, bibi. Birika tu.
"Linachemka?"
Linachemka.

Akavuta mtandio hadi kidevuni.
"Binti keshaolewa, kaondoka,
nawe waniambia hakuna mtu."

Na kweli: picha iliyofuata, baba peke yake,
mlangoni viatu jozi moja.

"Langu mimi," akasema, si kwangu hasa,
"nililiacha Malindi, Unguja, moto unawaka.
Sijui nani aliliepua."

Kiyoyozi kikazima, kikawaka.

"Haya. Sema."